Maswali ya Wasomaji: Mwanachuo wa Ualimu na Muhula wa Skandinavia

Barua za safari hii zimetoka kwa wanachuo wa ualimu wanaojiandaa kwenda Sweden, Norway au Denmark kwa muhula mmoja au miwili. Karibu kila mmoja ameuliza juu ya baridi. Tumeisogeza nyuma makusudi, kwa sababu wanaorudi na muhula uliovurugika huwa wameponzwa na karatasi zilizochelewa, au na wiki za mazoezi ya kufundisha walizozielewa vibaya.

Swali: Wahariri, kuna anayesema kusoma Skandinavia ni bure na kuna anayesema ada yake haishikiki. Nimsikilize nani? (Mwaka wa pili, Kiingereza na Historia)

Jibu: Inategemea unaingilia mlango upi. Denmark ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Sweden ikafuata mwaka 2011, na Norway, ambayo wengi bado wanaitaja kama kimbilio, ikaanza muhula wa Agosti 2023. Anayeomba shahada nzima kwa jina lake analipa. Sweden humdai pia krona 900 za maombi kwenye tovuti ya Universityadmissions, na dirisha kuu la masomo yanayoanza mwishoni mwa Agosti hufungwa katikati ya Januari. Ufadhili unaovumishwa zaidi, ule wa Svenska institutet, taasisi ya serikali ya Sweden, hudai saa 3,000 za uzoefu wa kazi, kwa hiyo haumhusu mwanachuo ambaye hajawahi kuajiriwa.

Mlango wa pili ni kubadilishana wanafunzi. Chuo chako na chuo cha kule vina mkataba; unabaki mwanafunzi wa chuo chako, unalipa ada ya chuo chako, na kule hulipi ada wala zile krona 900. Fedha za kujikimu hutoka kwenye mipango kama Erasmus+ ya Umoja wa Ulaya. Hakuna kati ya hiyo ambao mwanafunzi anauomba peke yake: vyuo viwili ndivyo huomba, kisha huteua watu wao. Basi anza na mkuu wa idara yako kabla ya kwenda ubalozini. Muulize mkataba upo na chuo gani, una nafasi ngapi na unaisha lini.

Kwa mwalimu tarajali tunaupendelea mlango huu wa pili hata kama ada anaimudu. Shahada za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza mara nyingi ni za nadharia na utafiti wa elimu, na unaweza kuzimaliza bila kusimama mbele ya wanafunzi hata siku moja.

Swali: Nimepata barua ya kukubaliwa Sweden kwa muhula wa Agosti. Nianzie wapi, na benki nionyeshe kiasi gani? (Mwaka wa tatu, Hisabati)

Jibu: Anza na pasipoti. Migrationsverket, idara ya uhamiaji ya Sweden, haitoi kibali cha kuishi kinachovuka tarehe ya mwisho ya pasipoti. Pasipoti inayoisha Novemba itakupa kibali kinachoisha Novemba, na muhula wenyewe unakwenda hadi katikati ya Januari. Kuihuisha pasipoti baada ya kuomba kibali ni kuanza safari upya.

Kisha fedha. Kukaa zaidi ya miezi mitatu kunahitaji kibali, na kibali kinataka uthibitisho wa zaidi ya krona 10,000 kwa kila mwezi wa masomo. Kiwango hurekebishwa kila mwaka, kwa hiyo soma kile cha siku unayoomba. Ada ya maombi ni krona 1,500. Maombi mengi hukwama kwenye jina la akaunti. Fedha zinatakiwa ziwe kwenye akaunti yako mwenyewe, unayoweza kuzitoa wakati wowote. Barua ya baba au mjomba inayosema atakulipia, hata ikiwa na mhuri wa wakili, haisimami badala yake. Kama una ufadhili, barua yake itaje kiasi kwa mwezi na tarehe za mwanzo na mwisho. Ikisema tu kwamba umefadhiliwa, utaulizwa tena na wiki zitapita.

Kwa masomo ya chini ya mwaka mmoja lazima uwe na bima ya afya. Vyuo vya serikali vya Sweden huwakatia wanaokuja kwa kubadilishana bima iitwayo Student IN. Omba cheti chake mapema ukiambatishe. Maombi hujazwa mtandaoni, halafu unakwenda ubalozini kupigwa picha na kutoa alama za vidole, na kadi ya kibali hutengenezwa Sweden ndipo itumwe ubalozini. Usikate tiketi isiyorudishiwa fedha kabla ya kadi kufika. Julai usiitegemee kwa lolote: ni mwezi wa likizo, ofisi za vyuo hubaki na watu wachache, na barua pepe ya Juni inaweza kujibiwa Agosti.

Kwa wanaokwenda kwa jirani: Norway huomba kupitia UDI, idara yake ya uhamiaji, na kiwango cha fedha kwa mwaka mzima wa masomo kinazidi krona 150,000 za Norway. Denmark hutumia fomu ya ST1, ambayo sehemu ya kwanza hujazwa na chuo cha kule. Ukiona kimya, usisubiri. Waulize kama wameshaijaza sehemu yao.

Chumba kiombe siku ileile unayopokea barua ya kukubaliwa, kupitia chuo. Tangazo la chumba kizuri katikati ya mji, mwenye nyumba akidai yuko nje ya nchi na anataka amana kabla hujakiona, ni utapeli unaojirudia kila Agosti.

Swali: Mwenzangu aliyetangulia anasema alizuiwa kuingia shuleni wiki ya kwanza kwa kukosa karatasi ya polisi. Ni karatasi gani? (Elimu ya Awali)

Jibu: Nchi zote tatu hazimruhusu mtu kufanya kazi na watoto bila taarifa ya polisi, na mwanachuo wa mazoezi anahesabiwa humo. Sweden ni dondoo ya rejista ya makosa ya jinai, ile ya aina maalumu ya shule na shule za awali, isiyozidi mwaka mmoja tangu itolewe. Norway huiita politiattest, na isizidi miezi mitatu. Denmark huiita børneattest, na ni shule au chuo kinachoiomba baada ya wewe kutoa idhini.

Cheti cha tabia njema ulichotoka nacho nyumbani hakichukui nafasi ya hizi, ingawa chuo kinaweza kukidai juu yake. Ibebe asili yake na tafsiri. Ya Sweden iombe mara tu unapofika, ukiambatisha nakala ya pasipoti, maana huna namba ya utambulisho ya kule. Wiki mbili za kusubiri ni jambo la kawaida, na mazoezi yakipangwa wiki ya tatu ya muhula hesabu hiyo tayari imekubana.

Swali: Je, nitafundisha kweli au nitakaa nyuma ya darasa nikitazama? Kiswidi sijui hata neno. Na mwalimu wa kule anataka kuona nini? (Mwaka wa tatu, Kiingereza na Jiografia)

Jibu: Hapa ndipo muhula wako unapopata au kukosa maana, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mazoezi huitwa VFU Sweden, praksis Norway na praktik Denmark. Wanafunzi wa kule wanayo mengi: programu za ualimu za Sweden zina krediti 30 za VFU, ambazo ni wiki 20, na shahada ya miaka mitano ya ualimu wa shule ya msingi Norway ina siku zisizopungua 110. Mgeni hupewa kipande tu, na vifurushi vingine vya kozi za Kiingereza vina siku chache za kutembelea shule basi. Kabla ya kusaini makubaliano ya masomo, pata majibu ya maandishi: siku ngapi, darasa la ngapi, somo gani, lugha gani, na nani atatathmini. Wakikwambia itapangwa ukifika, jiandae kupangiwa pale palipobaki.

Lugha huamua darasa. Norway watoto huanza Kiingereza darasa la kwanza tangu mwaka 1997, Denmark pia darasa la kwanza tangu 2014. Sweden huanza kati ya darasa la kwanza na la tatu. Hata hivyo mtoto wa miaka tisa anayejua nyimbo na rangi hawezi kufuata maelezo yako ya kugawanya sehemu. Omba darasa la saba hadi la tisa ufundishe kwa Kiingereza bila hofu, au vipindi vya Kiingereza vya darasa la tano na la sita. Ukipangwa chini ya hapo, maelekezo yasizidi hatua tatu, kila hatua na picha yake ubaoni, na hatua ya kwanza uifanye wewe mbele yao kabla hawajagusa kitu.

Kwa wiki nne, mpangilio unaofanya kazi ni huu. Wiki ya kwanza tazama, lakini kwa swali moja kwa kipindi: nani hajasema neno leo, au dakika ngapi mwalimu amezungumza mfululizo. Daftari lililojaa "kila kitu" halikusaidii. Mwisho wa wiki hiyo ujue majina yote. Wiki ya pili omba kipande cha dakika 15 ndani ya kipindi cha mwalimu mwenyeji. Wiki ya tatu fundisha vipindi kamili viwili au vitatu. Ya nne, mfululizo wa somo moja ulioutunga mwenyewe. Andalio la somo limfikie mwalimu mwenyeji siku mbili kabla, kwenye ukurasa mmoja, na safu ya kazi za wanafunzi iwe ndefu kuliko safu ya kazi zako.

Kinachoharibika mara nyingi ni hotuba. Mwanachuo hodari wa ubao anazungumza dakika 25 za kwanza, anauliza swali kwa darasa zima, anapata kimya, kisha anajijibu mwenyewe. Dawa wanayo wenyewe: Sweden huiita EPA, Norway IGP. Mwanafunzi afikiri peke yake dakika moja au mbili, azungumze na mwenzake au kikundi dakika tatu, ndipo wote. Kimya kinaondoka kwa sababu sasa anayejibu anatoa wazo la wawili, na likikosewa haiaibiki nafsi ya mtu.

Mazungumzo ya tathmini yana mtego wake. Mwalimu mwenyeji ataanza kwa kukuuliza wewe umeonaje. Ukijibu "kimeenda vizuri" na kunyamaza, umepoteza alama, kwa kuwa uwezo wa kujichambua ndio unaopimwa. Njoo na mambo mawili yenye ushahidi, kwa mfano: kazi ya vikundi ilichukua dakika 18 badala ya 10 kwa kuwa hatukugawana majukumu, kesho kila kikundi kitakuwa na mwandishi. Sauti ya upole isikudanganye. "Labda ungeweza kufikiria kufupisha utangulizi" ni agizo, na kipindi kijacho ataangalia kama umetii.

Swali: Nimesikia wanafunzi wa kule humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza na hawaadhibiwi. Nidhamu inasimamiwaje? (Mwaka wa nne, Sayansi)

Jibu: Jina la kwanza ni kweli, kuanzia chekechea hadi kwa profesa. Hawasimami mwalimu anapoingia. Usikisome kitendo hicho kama dharau, na usiwafundishe kusimama.

Adhabu ya viboko ilikoma shuleni Norway mwaka 1936, Sweden mwaka 1958 na Denmark mwaka 1967. Nyumbani nako ikapigwa marufuku: Sweden mwaka 1979, nchi ya kwanza duniani, Norway 1987, Denmark 1997. Maana yake wazazi wa watoto utakaowafundisha wengi hawajawahi kuona fimbo darasani. Kumvuta mtoto mkono, kumfinya sikio, kumpigisha magoti au kumwita mjinga mbele ya wenzake kunaweza kumaliza mazoezi yako siku hiyohiyo. Sheria ya elimu ya Sweden humpa mwalimu hatua chache zenye mipaka: kumtoa mwanafunzi nje kwa muda uliobaki wa kipindi, au kumbakiza shuleni kwa muda usiozidi saa moja. Kumzuia kwa mikono ni pale tu panapohitajika kulinda usalama na utulivu, si kumwadhibu. Wewe kama mwanachuo uamuzi huo mwachie mwalimu mwenyeji.

Unachoweza kufanya ni kingi kuliko inavyodhaniwa. Andika ratiba ya kipindi ubaoni kabla hawajaingia. Watoto wa kule wamezoea kujua kinachofuata, na kelele nyingi huzuka kwenye mapengo kati ya kazi moja na nyingine. Shusha sauti badala ya kuipandisha. Msogelee anayevuruga na umseme pembeni, kwa kifupi, kwa jina lake.

Jambo jingine ni zito zaidi. Ukiona dalili au ukisikia mtoto akisema anapigwa nyumbani, mwambie mwalimu mwenyeji au mkuu wa shule siku hiyohiyo. Wafanyakazi wa shule wanabanwa na sheria kuripoti kwa ustawi wa jamii hata wakiwa na shaka tu, na si kazi yako kuchunguza wala kusuluhisha na wazazi. Majina ya watoto hayaingii kwenye kazi zako za chuo. Picha za darasa usipige kabisa, hata ya kumtumia mama.

Swali: Ratiba yangu ya chuo ina saa nane tu za darasani kwa wiki. Nimekosea kujiandikisha? (Mwanachuo aliyeko Sweden)

Jibu: Hujakosea, ila hizo saa 32 zilizobaki si mapumziko. Krediti 7.5 ni wiki tano za kazi ya saa 40, jumla saa 200, na kwa kawaida Sweden unasoma kozi moja baada ya nyingine, si zote pamoja. Kurasa unazopaswa kusoma kabla ya semina zipo kwenye mpango wa kozi. Semina nyingi ni za lazima. Ukikosa moja unaandika kazi ya fidia.

Mtihani wa ukumbini vyuo vingi hudai ujiandikishe kwenye mfumo siku kadhaa kabla, na mlangoni hawamhurumii aliyesahau. Usirudi nyumbani Desemba bila kuangalia tarehe: muhula wa kwanza wa Sweden unavuka Krismasi, na mitihani mingi iko Januari. Alama Sweden mara nyingi ni U, G na VG, ambapo U ni kufeli na mtihani hurudiwa, G ni kupita na VG ni kupita vizuri. Norway hutumia A hadi F. Denmark ina ngazi ya kuanzia -3 hadi 12, na 02 ndiyo ya kupita. Kunakili bila kutaja chanzo Sweden kunaweza kukusimamisha masomo hadi miezi sita, ambayo kwa mgeni wa muhula mmoja ni muhula wote.

Saa nne ya asubuhi kwenye ratiba ya chuo cha Sweden huenda ikamaanisha saa nne na robo, desturi ya zamani ya vyuo. Shuleni hakuna robo hiyo. Tarehe nazo hutajwa kwa namba ya wiki ya mwaka: "mazoezi wiki ya 45 hadi 48". Washa namba za wiki kwenye kalenda ya simu yako leo.

Swali: Nitahitaji kufungua akaunti ya benki kule? (Mwaka wa tatu)

Jibu: Sweden kwa muhula mmoja au miwili huenda usiweze. Namba ya utambulisho hupewa anayekuja kukaa mwaka mmoja au zaidi, na bila namba hiyo hupati BankID, kitambulisho cha mtandaoni, wala Swish, mfumo wa simu ambao watu hulipana nao. Maduka mengi hayapokei noti. Nenda na kadi mbili za kimataifa kutoka benki tofauti, uzijaribu kwa malipo ya mtandaoni kabla hujaondoka, na uhakikishe ujumbe wa uthibitisho wa benki unafika hata ukiwa na laini ya kigeni.

Swali: Na baridi, sasa? (Barua kadhaa)

Jibu: Nguo za kuvaa chuoni utazipata kirahisi, nyingi za mitumba. Zinazosahauliwa ni za shuleni, kwa sababu watoto hutoka nje mapumziko yote, mvua au theluji, na mtu mzima wa zamu anasimama nao bila kukimbia, kwa hiyo anapoa haraka kuliko wao. Ndani vaa sufu inayogusa ngozi. Pamba ikilowa jasho hubaki na ubaridi. Juu yake sweta, kisha koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene, maana zikibana vidole hufa ganzi. Soksi za ndani pia, kwa sababu viatu vya nje huvuliwa mlangoni kwenye shule nyingi.

Giza ni suala la mahali. Stockholm mwezi Desemba ina mwanga wa saa sita hivi. Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Toka nje adhuhuri kila siku, na vaa kiakisi mwanga kwenye koti ukitembea kando ya barabara.

Swali: Kiswahili changu kitakuwa na kazi yoyote kule? (Kiswahili na Dini)

Jibu: Kinaweza. Sweden ina somo la lugha ya nyumbani, modersmål. Manispaa hulazimika kulitoa wanafunzi wasiopungua watano wanapolitaka na mwalimu anayefaa akipatikana. Uliza ofisi ya manispaa kama kuna kundi la Kiswahili, na uombe siku moja ya kutazama. Vipindi ni vichache kwa wiki, mara nyingi mchana wengine wakishamaliza, na darasa moja huchanganya umri wote. Kwa mwalimu wa lugha ni shule ngumu na nzuri.

Swali: Nikirudi, chuo changu kitazikubali krediti hizi? Na naweza kubaki nikafundisha? (Mwaka wa nne)

Jibu: Krediti hukataliwa kwa kukosa maelezo, si kwa kukosa alama. Ukiwa bado kule, pakua mpango wa kila kozi wenye malengo, orodha ya vitabu na saa, na uombe barua ya mazoezi inayotaja idadi ya siku, darasa na vipindi ulivyofundisha, isainiwe na mwalimu mwenyeji na mkufunzi. Kozi ikibadilishwa baada ya kuwasili, jambo linalotokea sana, rekebisha makubaliano ya masomo wiki hiyohiyo na upate saini ya mkuu wa idara yako.

Kubaki ni habari nyingine. Leseni ya ualimu ya Sweden hutolewa na Skolverket, idara ya taifa ya shule, kwa mwenye shahada kamili ya ualimu na Kiswidi cha ngazi ya C1. Muhula mmoja haukufikishi hapo. Ukiwa na nia hiyo, jiandikishe kwenye kozi ya Kiswidi ya wanaoanza ambayo vyuo vingi huwapa wanafunzi wa kubadilishana. Nafasi huisha mapema, mara nyingi kabla hata hujapanda ndege.